Kanzu ya Dereva

Jumatatu, 4 Machi
Mchungaji kaja dukani, kasimama kando ya cherehani, anazunguka mbuyu. Mwisho kasema. Kati ya watakaobatizwa Jumapili yumo dereva wa lori — yule aliyemuua mwanangu barabarani. Katoka jela, kaokoka. Nikiona vigumu, kazi yangu ya kushona kanzu za ubatizo na kuwafunika taulo wanaotoka majini atapewa mama mwingine. Nimejibu kazi ni kazi. Kiburi tu. Alipoondoka nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Jumanne, 5 Machi
Neema ni bure, tunaimba kila wiki. Bure kwake, sawa. Na mimi je?

Jumatano, 6 Machi
Wifi kamwona dereva. Anasema ana mabega kama kabati, kanzu zote zitampasukia, lazima apimwe. Nikampa utepe wa kupimia aende yeye. Kakataa: fundi ni wewe, wifi, usinibebeshe msalaba wako. Kisha kanawa, akajifuta kwa taulo la bluu la nyuma ya mlango. La mwanangu! Nimemfokea mpaka kaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 8 Machi
Dereva kaja mwenyewe. Kavua kofia mlangoni. Mama, kasema, kanzu sistahili, niache niingie majini na shati langu. Nikawaka. Nani kamwambia kanzu wanapewa wanaostahili? Ingekuwa hivyo, ningekuwa sina kazi siku nyingi. Maneno yalitoka kabla sijayapima. Nikampima yeye. Nilipofika mabegani, utepe ukanidondoka. Tukainama wote kuuokota.

Jumamosi, 9 Machi
Kanzu imekwisha. Imetoka nzuri kuliko zote, na hilo linaniudhi. Nimepiga magoti nikasema ukweli: Wewe Mwanao ulimtoa mwenyewe. Mimi wangu sikuulizwa. Nikainuka, nikapiga pasi.

Jumapili, 10 Machi
Naandika hapa chumba cha kubadilishia, mlango wazi naona birika la ubatizo, kwa haraka. Dereva kawekwa wa mwisho. Anayetoka majini haoni kitu kwa maji machoni — hunyoosha mikono tu mpaka mtu amfunike. Wenzake nimeshawafunika wote. Kikapuni limebaki taulo moja. La bluu. Nilitaka kumlaumu wifi, lakini kikapu nilikipanga mwenyewe asubuhi. Lilikuwa chini kabisa, limekunjwa vizuri.

Kashuka ngazi. Kanzu imemkaa. Mchungaji kamshika kisogo, kamzamisha.

Kaibuka. Mikono mbele, anapapasa. Wanauliza mwenye taulo yuko wapi —