Kisima Chini ya Choo

Malaba,
Jumapili mchana.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia na mvua imewakumbuka huko Maungu. Mimi nipo, mzima wa mwili, ila nimechoka. Malori ya hapa mpakani hayalali, basi nami silali. Barua hii nampa dereva anayeteremka Mombasa, akipita hapo Maungu ataiacha dukani kwa shangazi. Kwenye simu hatusikizani, Baba. Mimi napiga kelele, wewe unaitikia "ndiyo, ndiyo" na kuniuliza kama nimekula. Na jambo hili nataka ulipate lote: kisima mnachochimba nyuma ya nyumba, chini ya choo, naomba kisimame kwanza.

Najua. Umekisubiri tangu Mama akiwa hai, akibeba mitungi kutoka bwawani. Usiikunje barua bado.

Kazi yangu unaijua, ni kuwaeleza watu maneno ya wataalamu wa maji. Wao husema wakaondoka, mimi ndiye ninayebaki na maswali. Neno linalonitoa jasho ni "maji ya chini ya ardhi". Watu hudhani ni mto unaopita huko chini gizani, ukibahatika unaupata. Sivyo. Mvua ikinyesha, maji huzama yakajaa katikati ya chembe za udongo na mchanga, kama yanavyojaa kwenye mchele uliolowekwa. Kisima ni tundu tu lililotobolewa humo. Na maji hayo hayatulii. Yanajongea polepole kufuata mteremko, na uchafu ulioyaingia unajongea nayo.

Mwezi uliopita nilifundisha somo hilo uani kwa Mama Amoit, mwenye nyumba ninayopanga. Ni mjane, analea mjukuu wake wa kike, na chakula cha jioni alikuwa akinipa bila kuombwa. Kisima chake kilisifiwa hata na madereva wa kwenye foleni, maji matamu, meupe. Nilijaza mchanga kwenye karai, nikaulowesha, nikainua upande mmoja kwa jiwe. Upande wa chini nikafukua kishimo, maji yakajikusanya humo, safi kabisa. Upande wa juu nikamwaga maji ya rangi nyekundu. Majirani wakanitania kwamba nimesomeshwa ili nije kuchezea mchanga. Tukangoja. Kishimo kikaanza kuwa chekundu.

Mama Amoit hakucheka. Aliangalia choo chake, kisha kisima chake. Ua wake wote una mteremko.

"Madam," akasema, "choo yangu iko hapo juu."

Akamvuta mjukuu wake karibu.

"Na huyu mtoto nimekuwa nikimpea hii maji kila siku."

Tumbo la mtoto huyo lilikuwa haliachi kumwendesha. Walilaumu meno, kisha wakalaumu maembe. Tulipeleka maji yakapimwe, na majibu yakawa yale tuliyoyaogopa: vijidudu vya choo. Jicho haliwezi kuviona, wala ulimi hauwezi kuvionja. Kisima sasa amekifunika kwa bati, anapanga foleni bombani na mitungi yake, na mtoto ameanza kunenepa. Lakini mimi haniiti tena kula. Hatujagombana. Nadhani akiniona anakumbuka kila kikombe alichomnywesha yule mtoto. Inaniuma sana, Baba, kwa sababu nilikuwa nimempenda kama mama.

Sitaki siku moja uangalie choo na kisima hivyo. Hamisheni shimo, lichimbwe upande wa juu, mbali na choo na mbali na zizi. Najua huko juu ni mwamba mtupu na maji yatakuwa mbali zaidi. Najua pia utakasirika. Kasirika, lakini hamisha. Na kama hapo mlipo mmeshayafikia maji, yasinywewe, hata yakiwa meupe kama ya mvua.

Nisalimie shangazi wa dukani. Kaka na wifi wape pole ya malezi, na yule mtoto wao anayetambaa mbusu kwa niaba yangu. Mjomba, fundi wetu wa visima, mpe salamu za pekee. Ila mwite atoke shimoni kwanza, ndipo umsomee.

Ni mimi mwanao,
Wakio