Kura za Nyarubungo

Ngara, 8 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Hujambo huko nyumbani? Goti bado linakusumbua? Mimi ni mzima, mchana naosha pikipiki, jioni niko uwanjani. Simu yangu imepasuka kioo hata herufi hazionekani, ndiyo maana barua hii nampa Renatus, konda wa basi.

Mama, kombe la Ngara na Biharamulo limefika mwisho, na waandaaji wameamua mchezaji wa thamani zaidi achaguliwe na mashabiki kwa simu. Atakayeshinda anapelekwa Mwanza kufanyiwa majaribio na timu kubwa. Wanataka wasiozidi miaka ishirini na tatu, na mwakani mimi nitakuwa nimepita. Hapa stendi wananijadili kama mbuzi wa mnadani. Beki ana thamani gani, wanasema, hata goli moja hana! Mipira yote niliyoitoa mstarini hakuna anayeikumbuka.

Tumaini langu ni watu wa nyumbani. Mtu anaandika jina la mchezaji, anatuma kwenye namba niliyoweka nyuma ya karatasi. Ila waandike Elick, kwa L. Yuko Erick mwingine, mshambuliaji wa Rulenge. Nakuomba, Mama, maana najua unavyoniandika!

Mwanao,
Elick


Nyarubungo, 15 Juni 2025

Mwanangu Erick,

Marahaba. Sisi tu wazima, goti ni lile lile, na maharage tumeshaanua.

Usihofu. Hao wa stendi waulize kama wao wanalala bila komeo mlangoni. Leo baada ya misa nilisimama nje ya kanisa, mimi ambaye hata kwaya siimbi, nikawaambia wote watoe simu. Wasiojua kuandika, jirani yetu Tecla aliwaandikia. Hata Waislamu wa kule mlimani nimewafuata, nao hawakuninyima. Habari za L na R usinichoshe, baba. Huku mdomoni zote ni moja, na nani asiyekujua?

Mama yako


Nyarubungo, 6 Julai 2025

Mwanangu wa thamani,

Hujambo? Huku ni vigelegele tu. Redioni wamesema Erick ndiye mshindi! Tecla alitoka nje mbio akipunga khanga, watoto nyuma yake. Yule jogoo mwekundu nimemchinja, na nyama haikutosha watu. Njoo utuage kabla ya Mwanza. Renatus anasema hujampa barua, nami nimemwambia mtu mkubwa ana mambo mengi.

Mama yako


Ngara, 20 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Aliyeshinda ni Erick wa Rulenge. Ameshaondoka. Nilikwenda kwa waandaaji, wakanifungulia meseji za Nyarubungo, moja baada ya nyingine: Erick, Erick, Erick. Mmoja ameandika "Erick mtoto wa Melania". Nikawaambia, Melania ni mama yangu! Wakasema jina ni jina, na mwenzako yuko njiani. Walioniandika sawasawa ni waosha pikipiki wenzangu tu, na hao hawajai hata benchi moja.

Nilikuambia, Mama. Herufi moja. Umenizaa, umenipa jina, halafu umempigia kampeni mtoto wa mtu mwingine. Viatu vya mpira nimeshavigawa. Hapa stendi wananiita "Kwa L", na ninacheka nao ili wasinione. Kwa sasa usiniandikie.

Elick


Nyarubungo, 3 Agosti 2025

Mwanangu,

U mzima? Umekula? Najua umenikataza, lakini nitakaaje kimya?

Nimewaambia watu, pale pale nje ya kanisa. Wapo waliocheka. Tecla alilia mpaka nikamshika mkono. Wazee wamenituma niulize kama kura zinaweza kupigwa upya, wako tayari kuandika sawasawa, hata kwa kujifunza. Niliwaitikia tu, nikaja nyumbani nikajifungia.

Njoo nyumbani. Sitasema lolote la mpira.

Mama yako


Nyarubungo, 12 Oktoba 2025

Mwanangu,

Popote ulipo, hujambo?

Renatus amenirudishia barua zangu. Chumba chako kina mpangaji mwingine. Mmoja wa kijiweni anasema ulipanda gari la Kahama, mwingine anasema ulivuka kwenda Burundi, na wote wanabisha. Hii nimemwomba Renatus aiache hapo mnapooshea pikipiki, huenda utapita.

Ile barua yako ya kunigombeza ndiyo ya mwisho niliyo nayo. Chini uliandika jina tu, hukuandika "mwanao". Naisoma hiyo hiyo, maana ni mwandiko wako. Niandikie nyingine, baba. Nigombeze tena, nitukane ukipenda, nimestahili. Nitaipokea kwa mikono miwili.

Mama yako