Vidonge Nilivyokuuzia, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza na wewe bila salamu.

Tumeshindwa kesi. Hakimu amesema hakuna uthibitisho kwamba vidonge vile ndivyo vilivyosimamisha moyo wako, kwa kuwa mwili haukupimwa. Ni sisi tuliokataa. Mama alisema hupasuliwi, tukakuzika hivyo hivyo kihambani, kwenye migomba yako. Wakati ule nani alijua?

Nilijua niliporudi kazini baada ya matanga. Pale duka la dawa, nilifungua droo ya bosi nikitafuta kalamu, nikakuta barua ya msambazaji: dawa ile ya maumivu irudishwe yote, isiuzwe tena, inaleta shtuko la moyo. Ilifika wiki mbili kabla hujafa. Wiki mbili, Baba! Na mimi nikaendelea kuuza kwa mikono hii, mpaka kwako.

Na ulivyofurahi! Miaka yote ya kupeleka wageni mlimani ilikumaliza magoti, ukawa unashuka kilima cha kwetu kinyumenyume. Ulipomeza vile vya kwanza ukawatangazia watu kanisani, "Binti yangu ameniletea magoti mapya."

Nilipomuuliza kuhusu barua, bosi hakuona hata haya. "Mzee alishakula chumvi, Anna. Tuyamalize kindugu." Akamletea Mama mbuzi. Nilimkokota yule mbuzi kwa miguu mpaka nyumbani kwake, mtaa wa Pasua, nikamfunga getini. Kazi ikaishia hapo.

Tukafungua madai ya fidia. Nilisimama kizimbani nikaeleza habari za barua na droo. Bosi akasema hajawahi kuiona. Ile barua yenyewe ilikuwa imeshachomwa. Duka lake bado liko wazi. Nikipita, ananipungia mkono.

Lakini kuna jambo sikulisema, Baba. Ijumaa ile ya mwisho ya uhai wako uliniambia kifua kinakubana. Mimi, nikijiona daktari, nikakujibu, "Ni uchovu wa kupanda kilima tu. Ongeza kimoja upumzike."

Ukaongeza. Hukuniuliza hata swali.

Mama hajui. Kila siku anamlaani yule bwana, na mimi naitikia. Wakili anataka tukate rufaa, na tutakata. Ila nakuahidi, kabla Mama hajaweka sahihi yake, nitakaa naye jikoni nimwambie lile neno nililokuambia. Akinifukuza, nitaondoka.

Kwaheri, Baba. Nisamehe, kama huko watu husamehe.

Anna wako