Njia ya Chooni Kupitia Chumba cha Kufulia

Jumanne, 21 Oktoba 1975

Mvua zimekaribia, na nepi za mtoto hazitakauka nje. Claudine, binti yetu, alirudi kwetu kujifungua, naye atakaa hapa Hewa Bora mpaka kichanga kipate nguvu. Mumewe Clovis (kazini ana jina jipya la karatasini, kama serikali ilivyoagiza, nyumbani bado ni Clovis) yuko Kambove, huja kila Jumamosi. Basi nimeamua. Barza ya nyuma itakuwa chumba cha kufulia – buanderie.

Nimekaa na rula kama zamani za kazi. Nilichora nyumba za watu wa mgodi mpaka nikapewa pensheni. Yangu mwenyewe sikuwahi kuichora.

Kanuni ya kwanza: maji yafuate njia fupi. Jikoni ni upande huu wa barza, choo na bafu upande ule. Ukiweka karo ya saruji katikati, bomba moja linatosha vyote. Sakafu iteremke kuelekea tundu la maji machafu – kidogo tu, si mlima. Meza ya pasi chini ya dirisha, maana mwanga huonyesha mikunjo. Waya za kuanikia juu, urefu wote wa chumba. Na uchochoro wa ubavuni, ambao watu hupita kwenda chooni, nitauziba kwa ukuta. Mvua huingilia humo.

Nimeridhika sana.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemwonyesha Honorine mchoro. Mke wangu alifuata mistari kwa kidole, polepole, kisha kidole kikasimama.

« Baba ya Claudine, uchochoro umefunga. Mukwe wangu atapita wapi ya kwenda choo? »

Humu humu, nikamwambia. Mlango mmoja wa kuingia, mwingine wa kutoka.

« Mu manguo yangu? »

Nikamweleza habari ya bomba. Kwa marefu. Nikaongeza kwamba siku hizi watu wanajenga hivi. Akasema, « Ni weye unajua, » akarudi kutwanga majani yake ya sombe.

Jumatano, 12 Novemba

Kimekwisha. Nimemwaga ndoo nzima sakafuni: maji yameteremka yote, hakuna tone lililosimama. Claudine anasema iko muzuri kushinda ya hospitali. Nimewaita majirani waone. Mmoja ameuliza kama nakodisha.

Jumamosi, 15 Novemba

Mkono hautaki kuandika.

Clovis alifika kabla ya chakula, mvua ikinyesha. Kwetu watu wa Kasai – naeleza kana kwamba kuna asiyejua – mume wa binti na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali meza moja, na nguo inayogusa mwili wa mama, kijana hapaswi kuiona hata kwenye kamba. Kwa hiyo Honorine aliposikia sauti yake alijitenga nyuma, kama siku zote. Nyuma, sasa, ni chumba cha kufulia.

Clovis akaomba pa kunawa. Alipokuta uchochoro umezibwa alirudi, akasimama mbele ya mlango wa chumba, akakohoa. Kikohozi cha heshima, cha kuuliza. Mimi nilikuwa kitini, karibu yake. Sikufikiri Honorine yuko wapi. Nilikuwa nafikiria ule mteremko wa sakafu. Nikamwambia: « Pita tu, mwanangu, njia ni hiyo. Utaona vile nimepanga. »

Akatii.

Mvua juu ya bati, bomba limefunguliwa – Honorine hakusikia kitu. Alikuwa ameinama kwenye karo, kitenge kifuani, kichwa wazi, na juu yake waya mzima wa nguo zake za ndani. Clovis ni mrefu. Moja, mbichi, ilimpiga usoni.

Nilisikia beseni likianguka. Kijana akatoka amefunika macho kwa mikono, koti lake la abacost limelowa begani, akapita mbele yangu mpaka barabarani. Hakula. Mtoto wake hakumwona.

Jumapili, 16 Novemba

Honorine hakwenda misa. Nguo zake amezianua zote, amezifungia sandukuni na ubichi wake.

Kaka yake Adrien alikuja. Yeye ndiye huamua mambo ya ukwe katika ukoo wao. Hakuketi.

« Mutoto ya bantu anaingia kwa mama mukwe sawa vile anaingia mu kantini? Alikohoa ao hakukohoa? »

Wote wakanitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Nikasema: « Mvua ilikuwa nyingi. Sikusikia. »

Imeandikwa sasa. Nilisikia vizuri kabisa. Na Clovis hatanikanusha: kijana hambishii baba wa mkewe mbele ya watu. Nilijua hilo nilipokuwa nafungua mdomo.

Adrien akakata: Clovis alete mbuzi wa kumwosha mama macho, na kosa alitaje mwenyewe. Mpaka hapo asikanyage hapa, na Claudine na mtoto wasiende Kambove.

Jumatano, 19 Novemba

Nimechora upya. Uchochoro wazi, mlango wa choo unatazama nje, waya nyuma ya ukuta mdogo wa matofali. Nimemaliza kabla chai haijapoa. Nimempa Honorine. « Muzuri, » amesema, bila kuutazama.

Claudine alikuwa anapiga pasi. « Tata, ile Clovis anakohoaka hata mbele ya kufungua frigo. Namna gani siku ile asikohoe? » Alikuwa anacheka kidogo, kisha hakucheka.

Nikamweleza jinsi bati linavyomeza sauti wakati wa mvua. Alinisikiliza mpaka mwisho, pasi mkononi, kama mwanafunzi mwema.

Jumamosi, 22 Novemba

Clovis amefika na mbuzi. Amesimama nje ya lango, hajaalikwa kuingia. Adrien yuko naye. Baba wa nyumba ndiye hupokea kamba ya mbuzi. Akishaipokea, kosa limekwisha na halisemwi tena na mtu yeyote. Mimi nimesema nafuata miwani.

Miwani ninayo puani. Dirisha liko wazi.

Adrien: « Sema kosa yako, kijana. »

« Sikukohoa, Tata. Niliingia tu. »

« Sauti! Mama iko ndani, hakusikia. »

Clovis amelirudia, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wamegeuka. Honorine yuko mlangoni kwangu. Hatazami lango, ananitazama mimi. Claudine ameshamfunga mtoto mgongoni kwa safari.

Wananiita. Nimejibu nakuja. Naandika haya nimesimama, na kalamu naiweka chini. Kamba bado sijaipokea.