Meza Zangu na Upande wa Dirisha

Ijumaa, mwezi wa kumi na moja, 1971. Mvua imetoka ziwani tangu mchana, mabati yanapiga kelele, lakini roho yangu imetulia.

Mimi ni fundi wa mbao. Shule nilikaa miaka miwili tu, na bado Kisumu hii hakuna wa kunishinda kwa randa. Meza zote za shule yetu nilitengeneza mimi, bure, wakati wa harambee. Pana, imara, watoto watatu huku, watatu kule. Nimejisifu nazo hata kanisani.

Jana mjukuu wangu Akinyi alirudi analia. Mwalimu amesema haendi darasa la saba, atarudia la sita. Ubaoni anasoma vizuri, lakini akiitwa mbele apewe kitabu, anakwama kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikataa. Damu yangu haina mjinga.

Leo asubuhi nikamshika mkono tukaenda. Mwalimu Odhiambo ni kijana mpole, ana watoto sitini na vitabu kumi.

"Mzee, hata ukigomba, huyu hasomi."

"Mpe kitabu mbele yangu," nikasema. "Na wewe Akinyi, soma vile unajua."

Akinyi akakigeuza juu chini. Akasoma ukurasa mzima bila kupumua.

"Unanichezea?" Mwalimu akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Mimi hukaa upande wa dirisha. Kitabu ni kimoja kwa sisi sita, na huwa kinawaangalia wale wa upande wa pili. Mbele ya darasa niliogopa kukigeuza, wangenicheka."

Mwalimu akaangalia meza. Kisha akaniangalia mimi.

"Meza ni nzuri, Mzee. Ila ni pana."

Sijawahi kumwachia mtu anayeitia kasoro kazi yangu. Leo nimemwachia.

Akinyi ataenda la saba. Na wote wa upande wa dirisha watapimwa tena.

Vitabu ni kazi ya serikali. Meza ni yangu. Kesho Jumamosi shule ni tupu, nitaingia na msumeno nizipasue kwa urefu, niziunge ziwe ndefu, wote sita wakae upande mmoja. Wa pembeni atanyoosha shingo, sawa, lakini herufi atazikuta zimesimama kwa miguu yao.

Wakiniuliza kanisani, nitasema huo ni mtindo mpya.

Na nani aliuleta? Mimi.