Usiseme Neno Mpaka Nikuambie

Jumatano, 21 Agosti 2002

Samaki za sambaza zimefika kutoka Nkanka, bado zinadondoka maji. Solange amezipanga kwenye sahani, vichwa vyote upande mmoja, mikia upande mwingine. Sokoni bantu banacheka. "Maman Solange, samaki zako ziko naenda misa?" Nacheka nao. Nikivuruga sahani moja atalia mpaka jioni. Kwa hiyo sivurugi.

Ana miaka saba. Anasoma kila kitu. Mifuko ya simenti, mikebe ya mafuta ya msaada, magazeti ninayofungia samaki. Kifaransa, Kinyarwanda, na mimi mama yake nasoma kwa kidole. Hakuna aliyemfundisha. Lakini shule ya serikali ilimrudisha nyumbani tangu Pasaka. Kalasi imejaa mpaka madirishani, na mutoto wangu anaziba masikio na kupiga kelele kila kengele ikigongwa. Metresi, mwalimu wake, aliniambia: ni pepo au ni kichwa, Maman, mimi sina nafasi ya kutafuta ni kipi.

Mwezi ujao shule zinafungua. Nataka shule ya kulipa, yenye batoto kidogo, yenye muntu wa kumwangalia. Sijui ipi. 

Ijumaa, 23 Agosti

Nimempeleka Gihundwe kwa Maman Veneranda. Huyu alikuwa mwalimu Bukavu, ng'ambo ya Congo, zamani, kabla hatujarudi huku Rwanda. Sasa anafundisha nyumbani kwake, batoto bachache, wengine sebuleni, wengine garaji. Ubao umeegemezwa kwenye kabati la vyombo.

Solange hakusalimia. Aliingia chini ya meza kusoma boksi la sabuni. Aibu.

Maman Veneranda akauliza: "Anaogopa nini?" Nikasema haogopi kitu. Akauliza: "Na anapenda nini?" Hilo sijawahi kuulizwa na muntu. Nikasema anapenda samaki. Upumbavu gani huu. Nimemvuta Solange mkono, tukaondoka haraka kama wezi.

Jumapili, 25 Agosti

Bwana yangu amerudi na lori la mchele kutoka Bugarama. Solange alimsikia akiwa bado kule Mururu, sisi wengine hatujasikia hata mdudu. Alisimama mlangoni akasema: "Papa. Vitesi ya pili." Anajua hata gia aliyotia. Baadaye sana ndipo lori likatokea.

Nimemweleza habari za Gihundwe. Amecheka vibaya. "Masomo ya mu nyumba ya muntu! Kesho tutamupeleka asomee ku jiko?" Yeye anataka ile shule kubwa ya hapa Kamembe, yenye ukuta na geti. Batoto ba bantu bakubwa njo banasoma pale.

Si muntu mbaya. Amechoka kuulizwa mutoto wake ana nini.

Na mimi naitaka ile shule. Kweli tupu. Nimewaona bale batoto na soksi nyeupe zao, nikatamani sana.

Jumanne, 27 Agosti

Kesho tunaonana na direkta, mkuu wa ile shule kubwa. Nimemsuka nywele, amelia kila msuko. Nimemfundisha kusalimia: mikono miwili, kichwa chini. Haangalii muntu machoni, hilo halina shida, batasema ni heshima. Shida ni mdomo. Atamwambia direkta ana nywele puani. Atasoma kwa sauti kila karatasi iliyo mezani.

Nimemshika mabega. Nimesema: usiseme neno mpaka mimi nikuambie.

"Kwa nani?"

Kwa muntu yeyote.

"Hata Papa?"

Hata Papa. Muntu yeyote.

Jumatano, 28 Agosti

Bamemkubali! Direkta alimpa karatasi, Solange akaandika yote, Kifaransa kimenyooka. Direkta aliangalia karatasi, akamwangalia Solange, akarudia karatasi. Hakupata neno hata moja kutoka kwake. Akasema hajaona mutoto mtulivu hivi, huyu amelelewa. Amelelewa na mimi! Nusura nicheke.

Bwana yangu amenunua Fanta. Solange amekunywa kimya kimya. Amechoka.

Jumapili, 1 Septemba

Bado kimya. Tangu siku ile.

Lori la Papa yake lilipopanda leo alikwenda mlangoni kama kawaida. Hakusema. Aliinua vidole viwili hewani, akavishusha. 

Jirani ameniambia maombi yamejibiwa, sasa tunalala wote. Nimesema amina. Sikuimaanisha.

Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya kwanza. Sketi ya bluu, soksi nyeupe. Malori ya jeshi yamejaa barabarani, bantu banasema askari batarudi kutoka ng'ambo karibuni. Alitembea ameziba masikio njia yote. Nimemwacha getini. Hakugeuka. Sambaza za leo nimeziuza ovyo, sijui nimempa nani chenji gani.

Alhamisi, 5 Septemba

Sketi imelowa tena. Haombi kwenda chooni. Metresi ananiambia ni mutoto mzuri, hasumbui.

Kwenye mkono wake kuna alama za meno. Nikawaka, nikataka kujua ni mutoto gani amemuma. Halafu nikaangalia vizuri. Kuna pengo katikati. Jino la mbele la Solange liling'oka mwezi uliopita. Ni meno yake mwenyewe.

Jumapili, 8 Septemba

Bwana yangu: "Ulikuwa nalia juu ya makelele. Makelele imeisha. Sasa uko nalia nini?"

 Nimeosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Ni kama bamenirudishia nguo zake, yeye mwenyewe bamebaki naye.

Jumanne, 10 Septemba

Nimefanya jambo baya makusudi. Baada ya shule alikuja sokoni, akapanga sahani yake. Nikaivuruga. Vichwa huku, mikia huku. Nilitaka apige kelele. Soko zima lisikie, sijali.

 Machozi yakamshuka mpaka kwenye kola. Hakuna sauti. Akanyoosha kidole, yeye asiyependa kugusa muntu, akaniwekea kidole kwenye midomo.

Hapo njo nikakumbuka. Mpaka nikuambie. Na sikumwambia.

Si shule iliyomfunga. Ni mimi. Alikuwa ananingoja.

Nikapiga magoti pale kwenye tope la samaki. Solange, sema. Sema yote.

"Vichwa upande huu," amesema.

Halafu yakamwagika. Tangu siku ya kwanza, kwa mpangilio, kila muntu na sauti yake. Sauti ya metresi: "Mukalishe ule bubu wa Congo nyuma." Batoto bakimfungia kwenye kabati la mafagio wasikie kama atalia. Metresi akifungua, akifunga tena: "Mumuache. Pale hasumbue." Direkta akipita: "Iko wapi ule mutoto yangu mutulivu?" Alisema yote bila kulia, kama radio inavyosoma habari. Mimi njo nililia. Mama muuza nyanya wa meza ya pili alinipanguzia uso kwa kikwembe chake.

Banampenda akiwa amefungwa. Walichokikubali siku ile ni ule mdomo niliouziba.

Alhamisi, 12 Septemba

Bwana yangu yuko Bugarama. Sikumngoja.

Nimekwenda kwa direkta. Akasema nikimtoa, nafasi yake itachukuliwa leo leo. Nimesema ichukuliwe. 

Kutoka pale, moja kwa moja Gihundwe. Nimemwambia Maman Veneranda yote kabla sijakaa. Anaogopa kengele. Anaogopa kushikwa bila kuambiwa. Akiambiwa kitu anakifuata mpaka mwisho, kwa hiyo uangalie unachomwambia. Anasema ukweli hata kama hukuuomba. Anapenda maandishi, malori, na vitu kuangalia upande mmoja. Siku ile nilikudanganya.

"Basi samaki haikuwa uongo," amesema.

Solange alikuwa anamwangalia kidevu. Nikajua kinachokuja, nikakaza meno.

"Uko na ndevu mbili."

Maman Veneranda akajipapasa. "Tatu. Angalia muzuri."

Solange akasogea, akaangalia. "Tatu," amekubali.

Kengele yake ni rimu ya gari iliyofungwa kwenye mti wa avoka. Amesema ataanza kuinua chuma juu, amwonyeshe Solange, ndipo agonge. Hakuniahidi kitu kingine. Paa inavuja, amesema, na sijawahi kufundisha mutoto wa namna hii. Tujaribu.

Nimependa kwamba hakuahidi.

Jumapili, 15 Septemba

Bwana yangu amerudi. Vita vyetu wenyewe. "Umefanya bantu bote banicheke." Nimemwambia usiniulize mimi, muulize mutoto wako shule kubwa inasema nini. Akamwuliza. Solange akamwambia, kwa sauti zao, mpaka ile ya kabati.

Akatoka. Amekaa ndani ya lori, motor imezimwa, mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu, 16 Septemba

Amempeleka Gihundwe mwenyewe. Kwa lori.  Maman Veneranda amesema masomo yalisimama, batoto bote ba sebuleni na ba garaji balitoka kuangalia, na Solange akawaeleza sauti ya kila vitesi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mvua asubuhi, halafu jua. Malori ya jeshi yamepita mengi kutoka daraja la Congo, bantu bamesimama pembeni kuyaangalia. Solange aliziba masikio, akayahesabu kwa midomo.

Bado anajiuma siku nyingine. Juzi alikimbia mvua ilipopiga kwenye bati la garaji, bakamkuta chini ya meza ya chakula. Maman Veneranda alimwachia boksi la sabuni asome, akaendelea na somo. Sijui kama ile shule ya nyumbani itafika mwaka ujao. Hata yeye hajui.

Leo Solange amesema kutoka Gihundwe mpaka nyumbani. Mafuta ya kupikia, herufi, ndevu za Maman Veneranda ambazo sasa ni nne. Kichwa kiliniuma. Neno "nyamaza" lilifika kwenye ulimi. Nimelimeza.

Jioni nimepanga sahani mwenyewe, vichwa upande mmoja, nimsaidie. Amekuja kukagua. 

Samaki mmoja nilimkosea; amemgeuza, kichwa kikafuata wenzake.