Hodi kwenye Mzinga

Jumatatu, 3 Juni

Mizinga kumi na mmoja leo, upande wa mtoni. Saba ina nyuki, minne mitupu. Mitupu tumeishusha, tumeikwangua, tumeipaka nta na kuirudisha juu. Maganga anapanda, mimi nasikiliza. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu nilipomwoa dada yake. Nagonga mzinga kwa ufito mrefu, kisha ncha yake naibana kwenye mfupa nyuma ya sikio na kusubiri. "Shemeji, piga hodi," ananiambia kila mara, na kila mara anacheka. Nikisema wenyewe wapo, tunaweka alama, tutarudi na moshi siku ya kurina. Nikisema hamna mtu, anapanda mikono mitupu.

Sijawahi kukosea kwenye mzinga. Nyumbani ndiko ninakokosea. Mke wangu, Mama Regina, ameniita mara tatu kula, ugali ukapoa. Namwambia siku hizi ananong'ona. Uongo mtupu, na wote wawili tunajua.

Alhamisi, 6 Juni

Mpanda. Regina, binti yetu, anafundisha hapa. Ameniwekea nafasi kwa mtaalamu wa masikio, mama mmoja aliyekuja kwa wiki tatu tu.

Chumba kimya. Natakiwa kubonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa muda mrefu nikisubiri mlio, kumbe milio inapita. Nilijua nilipoona anavyonitazama. Aibu.

Akanichorea mstari. Sauti nzito bado ninazo, zile nyembamba zimeniacha. Mezani aina mbili za vifaa vya kusikia. Kikubwa kinakaa nyuma ya sikio, kina kitufe, na mrija wake mwembamba unaacha sikio wazi. Kidogo kinazama ndani na kuziba tundu lote. Alinishauri kikubwa. Nimechukua vidogo, kulia na kushoto. Havionekani. Akaniuliza kazi yangu. Nikasema mkulima. Regina akanitazama.

Nyuki sikuwataja. Angesema niache. Na Maganga akijua masikio yangu yameharibika hatapanda tena kwa neno langu. Nitabaki barazani nikifukuza kuku. Bora nife.

Jumamosi, 8 Juni

Mabati yanalia jua likiyapiga. Nilikuwa nimesahau. Kandambili za Mama Regina zinasikika kutoka jikoni mpaka uani. Kutafuna kwangu mwenyewe kunanikera.

Asubuhi alikuwa anapepeta mahindi huku anaimba. Nilidhani aliacha kuimba miaka mingi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Nimemwapisha asimwambie kaka yake. Amekubali. Hajapenda.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika hospitali, kwenye benchi.

Porini nilisikia ndege wote. Majani. Mpaka pumzi za Maganga. Nilichekelea moyoni kama mjinga. Mzinga wa kwanza nikabana ufito nyuma ya sikio, kifaa kikapiga filimbi. Maganga akageuka. "Ndege gani huyo?" Nikasema simjui. Basi nikaacha kubana. Nikawa nagonga, nasimama chini, nainua uso na kusikiliza. Niliona kama nasikia jani likianguka, nyuki watanishinda?

Mitatu ya mwanzo nyuki walionekana wazi mlangoni. Wa nne uko juu ya mninga, mlango umegeukia upande wa pili. Nikagonga. Kimya. Nikasema hamna mtu.

Maganga alinitazama kidogo. Akapanda. Akafungua mfuniko.

Walitoka wote. Aliruka au alianguka, sijui. Nikamburuta huku nawapiga kwa matawi. Bodaboda mpaka Inyonga, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Uso wake haukuwa uso.

Saa kumi jioni. Bado hajafungua macho. Anapumua kwa shida.

Jumanne, 11 Juni

Muuguzi ameacha kuhesabu miiba.

Wenzetu wa kikundi cha wafuga nyuki wamekuja. Wanasema hao nyuki wamehamia asubuhi ileile, sikio la shemeji yake halijawahi kukosea. Wananipa pole. Nimepokea pole. Nimekaa kimya kama mwizi.

Vifaa viko mfukoni. Leo sitaki kusikia kitu.

Jumatano, 12 Juni

Mkojo umekuwa mweusi. Daktari anahofia figo. Akizidi atapelekwa Mpanda.

Mama Regina amelala sakafuni kando ya kitanda cha kaka yake. Mchana alinivuta koridoni, akanisemea sikioni kwa nguvu: "Kama siku ile ulikuwa umevivaa, mwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea." Alikuwa halii. Ingekuwa nafuu angelia.

Maganga akifa, nimemuua mimi. Naandika hapa kwa sababu kwingine sijathubutu kusema.

Ijumaa, 14 Juni

Amefungua jicho moja. Mkojo umeanza kusafika. Ameomba uji, akalalamika hauna sukari.

Nilikuwa peke yangu naye karibu saa nzima. Sikumwambia. Mwoga.

Jumatatu, 17 Juni

Mpanda tena. Nimemweleza mtaalamu kila kitu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Amesema kifaa kimetengenezwa kupunguza mvumo usiokoma. Feni, jenereta, injini. Nyuki kwake ni kelele tu, kinawapunguza ili watu wasikike. Na ile sauti nzito niliyokuwa bado nayo mwenyewe, nimeiziba kwa mkono wangu. "Mzee, ungenitajia nyuki nisingekupa hivi."

Amenipa vile vikubwa. Bonyezo moja ni kwa ajili ya maongezi, la pili linaacha sauti zote zilivyo. Na kwenye mzinga nivivue kabisa, nirudi kwenye ufito wangu.

Vinaonekana. Regina kanipiga picha. Nimenuna.

Alhamisi, 20 Juni

Maganga yuko kwake tangu juzi. Nimemkuta nje, amekalia kigoda, nusu ya uso bado imevimba. Nilikuwa nimevaa kofia mpaka masikioni. Nikaivua. Nikamwonyesha. Nikamwambia yote, kuanzia Mpanda mpaka kwenye mninga. Nilijikaza kisabuni nisikatize katikati.

Nilidhani atanifukuza.

"Shemeji, mimi najua husikii tangu mwaka juzi," akasema. "Nikikuita kwa nyuma hugeuki. Lakini ufito ukiubana kwenye mfupa hukosei, ndiyo maana nilikuwa napanda. Siku ile hukuubana. Nilikuona."

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulipanda?

"Ningekuuliza, ungejua najua."

Mkewe alileta viazi, tukala. Mtu amepanda kwenye nyuki, jicho wazi, ili mimi nisione haya.

Jumamosi, 29 Juni

Porini tena, polepole. Maganga anatembelea fimbo, hapandi bado. Tumepanga kuangalia tu.

Kwenye mti wa kwanza hakusema nipige hodi. Alinyoosha kiganja. Nikavua vifaa vyote viwili nikamwekea, akafumba ngumi juu yake. Dunia ikanyamaza. Nikagonga, nikabana ufito kwenye mfupa, nikasubiri.

Nikaangalia mdomo wake ukiuliza. Nikajibu wenyewe wapo.

Tukaweka alama. Tukaenda mti wa pili.